Sisi Watu wa Kutembelewa

Leo nataka tuzungumze habari ya kusafiri. Si safari ya msibani, wala ya kutafuta kazi, wala ya kumpeleka mtoto chuo. Ni safari ya kutembea tu: mtu afunge mkoba wake, aende akautazame mji wa watu, ale chakula chao, alale siku mbili tatu, arudi.

Najua mtakalosema. Mtasema hayo ni mambo ya wazungu. Na hapo ndipo penye mazungumzo yetu. Sisi watu wa Mombasa ni watu wa kutembelewa. Mgeni alitujia kwa jahazi, akatujia kwa meli, akaja kwa ndege inayoshuka hapo Port Reitz, na tangu 2017 anatujia kwa treni inayomteremsha Miritini. Wenyeji wa asili wa mahali hapa, Wachangamwe, ni mojawapo ya Thalatha Taifa, yaani mataifa matatu, pamoja na Wakilindini na Watangana. Kazi ya kupokea wageni hawakuianza jana. Tunajua kumkaribisha mtu, kumpikia, kumwonyesha Ngome ya Yesu, kumuuzia kinyago pale kwa wachongaji wa Kikamba hapa Changamwe, na tunajua pia, tusifichane, kumpandishia bei. Lakini kuwa wageni sisi wenyewe, hatukujifunza. Utampata mtu wa hapa aliyefika Muscat na Jedda, atakutajia vichochoro vya soko kimoja kimoja, na hajapata kuiona Kendu Bay.

Basi leo nawapeleka ziwani, Ziwa Viktoria. Nataka tuipite miji mikubwa, twende kwenye vile vimji vidogo vya ukingoni ambavyo majina yake mnayasikia kila siku kwa majirani zenu na hamjaviona.

Kwanza niseme kwa nini safari hii inatuhusu sisi wa Changamwe kuliko watu wengi. Reli ilianza kutandikwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Ikavuka ikaja huku bara, ikapita hapa petu, ikafika Nairobi 1899, na Desemba 1901 ikagusa maji ya Ziwa Viktoria, maili 582 kutoka ilikoanzia. Pale ilipokoma wakapaita Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa mataruma. Ndiyo Kisumu ya leo. Kiwanda chetu cha kusafisha mafuta kilipoanza kazi 1963, wateja wake walikuwa huko juu. Bomba la mafuta likafika Nairobi 1978, kisha likaendelezwa mpaka Eldoret na Kisumu. Kiwanda kiliacha kusafisha mafuta ghafi 2013, lakini mafuta yaliyokwisha kusafishwa bado yanashushiwa huku kwetu. Mashua ya injini inayokata maji pale Mbita asubuhi, petroli yake ilipita chini ya ardhi tunayoikanyaga.

Meli za ziwa lile nazo zilipitia kwetu, zikiwa vipande. Ya kwanza ya Waingereza, William Mackinnon, iliteremshwa Mombasa sanduku kwa sanduku kabla reli haijafika popote. Wapagazi wakabeba mabamba na misumari yake mpaka ziwani, nayo ikaingia majini mwaka 1900. Zilizofuata zilipata nafuu ya kupanda gari moshi. Victoria, iliyoanza safari zake 1961, na Uhuru ya mwaka 1966 inayobeba mabehewa, zote mbili ziliundwa Uskoti, zikafumuliwa, zikapakuliwa Kilindini, zikapanda reli kwenda kuunganishwa upya Kisumu. Kwa hiyo mkisikia mtu asema ziwa ni mbali, mwambieni chombo kizima kilifika na kinaelea hadi leo.

Watu nao wakapita njia hiyo hiyo, ila kwa kuteremka. Wanaume wa Nyanza walikuja kwenye reli, bandarini, kiwandani, wakakaa Changamwe, wakazaa, na watoto wao leo wanazungumza Kiswahili cha Mombasa na kula mahamri kwa mbaazi. Desemba ikifika mabasi hujaa pomoni, wanakwenda nyumbani. Sisi tunawaaga, tunapokea funguo za kuwaangalizia nyumba, basi. Na tuseme kweli: uhusiano wetu haukuwa mwema siku zote. Agosti 1997 kule Likoni majirani walifukuzwa na kuuawa kwa kuwa walitoka bara. Sitaki kuigeuza safari ya matembezi kuwa dawa ya jambo zito kama lile. Nasema tu kwamba mtu unayekaa naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini, kutokujua hata kwao pana mlima au tambarare, ni uvivu.

Njia ni ndefu. Ukiondoka na basi la usiku, au ukipanda treni ya Miritini mpaka Nairobi kisha ukatafuta gari, utakwenda zaidi ya kilomita mia nane. Desemba 2021 treni ya abiria ilirudishwa kwenye reli ile ya zamani baina ya Nairobi na Kisumu, lakini haiendi kila siku. Uliza kituoni kwanza. Chukua sweta. Nasema chukua sweta, na kila mtu wa Pwani hudharau neno hili mpaka anapofika Mau Summit saa nane usiku.

Ukisafiri mchana utapata zawadi ya njiani, maana Bonde la Ufa lina maziwa yaliyopangana. Naivasha utaliona kutoka juu, ukingoni mwa bonde. Elementaita liko kando ya barabara kabisa, jeupe kwa magadi, na ng'ambo yake mlima unaofanana na mtu aliyelala. Ziwa hilo, pamoja na Nakuru na Bogoria, UNESCO iliyaandika katika urithi wa dunia mwaka 2011. Mwenye nafasi akengeuke kaskazini kwenda Marigat, anunue asali ya Baringo barabarani, aende Loboi kuzitazama chemchemi za Bogoria zinazotokota kama sufuria, kisha afike Kampi ya Samaki kwenye ukingo wa Ziwa Baringo. Huko ataona jambo la kutisha. Kwa miaka zaidi ya kumi maji yamekuwa yakipanda, yamemeza hoteli, mashamba, shule na barabara. Yako majengo ambayo unayapita ukiwa ndani ya mashua. Sisi tunaohofia bahari kula ufuo wa Bamburi, tukaulize watu wa Baringo inakuwaje.

Lakini hayo ni ya njiani. Kisumu nayo nitaipita, si kwa ubaya. Ni jiji, lina bandari iliyokarabatiwa, lina tuktuk na foleni, na vitu hivyo tunavyo. Kula samaki wako mchana, kisha panda matatu ya kusini: Ahero penye mashamba ya mpunga, Katito, Pap Onditi, na ziwa linakufungukia mkono wa kulia. Umeingia Kendu Bay.

Hapa nitakaa kidogo, maana mji huu naupenda.

Kendu Bay ni mji uliozaliwa na gati. Wakati barabara za Nyanza ya Kusini zilikuwa tope tupu, Ghuba la Winam ndilo lililokuwa barabara. Meli ya reli ilitoka Kisumu ikagonga Kendu Bay, ikagonga Asembo upande wa pili, ikaenda Homa Bay, ikashusha chumvi, nguo na mabati, ikapakia pamba, ngozi na samaki wakavu. Penye gati pakaja duka la Mhindi, penye duka pakaja fundi cherehani, mkahawa, karani wa posta, msikiti. Ukiutembea mji wa zamani leo utayaona maduka yale: baraza mbele, nguzo, milango ya mbao ya kukunjwa, mapaa ya mabati yaliyoshika kutu nyekundu. Mtu wa Mombasa atajua mara moja kilichokuwa kikiendelea pale. Zipo Biashara Street nyingi ndogo ndogo zilizotawanyika Afrika Mashariki yote, na hii ni mojawapo, ila haina kelele.

Kelele iliondoka kwa vipindi. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 ilifanya iwe vigumu kwa asiye raia kuendesha duka kwenye vimji kama hivi, na familia nyingi za Kihindi zikahamia Kisumu, Nairobi, Uingereza. Miaka michache kabla ya hapo, mvua za 1961 na zilizofuata zilipandisha ziwa zaidi ya mita mbili, likala kingo na magati. Kisha 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, meli zikagawanywa baina ya nchi tatu kama watoto wa talaka, na safari za abiria zikafifia. Barabara ya lami ilipokuja, ilikuja kwa ajili ya kupita. Mwaka 2020 ziwa likapanda tena likavunja rekodi.

Kwa hiyo msiende Kendu Bay mkitafuta Lamu. Hakuna milango ya nakshi, hakuna aliyeupaka mji rangi ili upigwe picha. Kuna msikiti wa zamani na Waislamu wake, Wajaluo kwa jina na kwa lugha, wanaomjibu mgeni salamu ya Kiislamu kabla hajaimaliza. Nawaambia hili makusudi, kwa kuwa wengi wetu tunadhani Uislamu unakomea Mariakani. Hussein Onyango Obama, babu yake Barack Obama yule rais wa Marekani, alikuwa mtu wa Kanyadhiang', jirani na Kendu Bay, kabla ya kuhamia Kogelo ng'ambo ya ghuba. Alikuwa mpishi wa Waingereza, na ukoo wake husimulia kwamba alisilimu Zanzibar baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Unaona basi: dunia nzima ilipokuwa ikitafuta Kogelo kwenye ramani mwaka 2008, huku nyuma ya hadithi kulikuwa na Pwani. Sisi hatukulifuatilia hata hilo.

Na kwa mwenye wasiwasi wa chakula, ondoa wasiwasi. Huko utakula samaki, na samaki hahitaji kuchinjwa. Ngege mzima, mkubwa kupita sahani, wa kukaangwa au wa mchuzi wa nyanya, na ugali, na mboga chungu ambazo mara ya kwanza utazikunjia uso na siku ya tatu utaziulizia. Nazi hakuna. Usiulize nazi. Ndimu na pilipili omba mapema, watakuletea huku wakikuangalia. Ukiona kamongo, yule samaki mrefu mwenye mapafu, ujue ni chakula cha heshima kwa wakipendao. Mimi namheshimu kwa mbali.

Mwendo mfupi wa bodaboda kutoka mjini kuna Simbi Nyaima. Ni ziwa dogo la mviringo lililokaa ndani ya shimo la volkeno, maji yake ya magadi, rangi yake kijani, na majira mengine heroe hujaa kingo zake. Ziwa Viktoria liko pale pale jirani na maji hayafanani hata kidogo. Wenyeji wana kisa chake. Wanasema palikuwa na kijiji, na usiku mmoja watu wako kwenye sherehe ya pombe, mvua yanyesha, akaja bibi kizee mgeni, kalowa, aomba mahali pa kujikausha. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu akampokea, akampa moto na chakula. Bibi akamwambia, mchukue mumeo na watoto, mtoke usiku huu. Mume akakataa, pombe ilikuwa tamu. Mwanamke akatoka, na nyuma yake kijiji kizima kikazama. Nimekisikia kisa hiki kwa watu tofauti kwa namna tofauti, lakini kizee, mvua na mlango uliofungwa havibadiliki. Watu wa Pwani wenye visa vyao vya miji iliyoangamia kwa kiburi na choyo, hamtahitaji kufasiriwa.

Kutoka Kendu Bay barabara inaambaa na Mlima Homa mpaka Homa Bay. Huu si kimji tena. Tangu serikali za kaunti zilipoanza 2013 umekuwa makao makuu ya kaunti, umejengwa, na Juni mosi 2025 sherehe za taifa za Madaraka zilifanyika pale. Una kilima cha Asego kilichosimama peke yake pembeni ya mji, ukipanda asubuhi kabla jua halijawa kali utaliona ghuba lote. Una pia Hifadhi ya Ruma katika bonde la Lambwe, mahali pa pekee Kenya panapobaki korongo, yule swala mkubwa mwenye uso wa mistari myeusi na myeupe. Bonde hilo mbung'o walilifanya lisikalike na watu, na ndiyo maana wanyama wakasalia. Wenye magari wataingia. Wengine tuendelee Mbita.

Hapo zamani Rusinga kilikuwa kisiwa kamili, mkono mwembamba wa maji ukikitenga na Mbita. Mwaka 1983 wakaujaza mawe na udongo, wakatengeneza tuta, magari yakavuka. Watu wakafurahi. Kisha maji yakasimama. Upande mmoja ukaoza, magugumaji yakatuama, samaki wakapungua, mashua zikalazimika kukizunguka kisiwa kizima. Ikachukua zaidi ya miaka thelathini kabla ya kujenga daraja na kulifungua tuta ili maji yapite. Mkazi wa Changamwe akisikia hayo atainua kichwa. Makupa yetu ilikuwaje? Tuta lile lililotuunganisha na kisiwa lilizuia bahari isitembee baina ya hori la Port Reitz na la Tudor kwa muda wa maisha ya mtu mzima, mpaka daraja jipya likafunguliwa 2022. Kosa moja, dawa moja, na katikati kilomita mia nane. Kama wahandisi wangetembeleana, labda mmoja angemwonya mwenzake.

Mbita yenyewe ni mji wa ufuo na soko. Jioni utawaona kina mama wameketi na beseni za omena. Usiku, mwezi ukiwa haupo, wavuvi huingia majini na taa ili kuwavuta omena kwenye nyavu. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na sola. Ukisimama ufuoni utadhani kuna mji mwingine ng'ambo umewashwa taa, na asubuhi haupo. Mashua zao nyingine bado zinatumia tanga la pembetatu. Mzee wa Mji wa Kale akiliona atalitambua. Wafanyabiashara wa Pwani walikwisha kufika ziwa lile na ufundi wao wa majahazi katika karne ya kumi na tisa, kabla reli haijawazwa.

Vuka daraja uingie Rusinga. Kijijini Kasawanga kuna kaburi la Tom Mboya, jengo lenye umbo la risasi, kwa kuwa risasi ndiyo iliyomuua Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Ndani wameweka vitu vyake na picha. Wazee wa bandari hawahitaji kuelezwa Mboya ni nani. Mwaka 1955 makuli walipogoma Kilindini, alikuja Mombasa akiwa kijana wa miaka ishirini na minne, akawasemea, na mishahara ikapanda. Wangapi kati ya wajukuu wa makuli wale wamekwenda kumwombea pale alipolala? Mabasi ya shule za Mombasa yanapeleka watoto Nairobi kutazama simba wa bustani. Sina ugomvi na simba. Lakini mtoto wa Changamwe akisimama pale Kasawanga, akaelezwa kwamba mtu huyu ndiye aliyesababisha babu yake akaongezwa shilingi, historia itamwingia bila kitabu.

Kisiwa hicho hicho ndicho alikopata Mary Leakey, mwaka 1948, fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Kilima kilichotoa fuvu hilo kimekaa tu, mbuzi wanakula juu yake. Na ukipanda mashua kwenda Mfangano, utafika kwa Wasuba, ambao lugha yao ya asili ni ya Kibantu, jamaa na zetu, lakini wengi sasa wanazungumza Kijaluo. Wana makumbusho yao ya jamii, na mawe yenye michoro ya duara nyekundu na nyeupe ya watu wa kale kabisa. Njiani utapita Takawiri, kisiwa chenye mchanga na minazi. Ndiyo, minazi. Mtu wa Pwani ataguna, atasema amesafiri usiku kucha kuja kuangalia minazi. Basi apite.

Sasa maneno ya tahadhari, kwa kuwa sisi tukiona maji tunavua shati. Ziwa si bahari. Maji yake yaliyotulia kando ya majani yana kichocho, na kichocho hakionekani. Kiboko yupo, hasa alfajiri na jioni, na hana haya. Upepo hubadilika ghafla alasiri. Mawimbi ya pale ni mafupi na ya hasira, yanapiga chombo kabla hakijainuka kutoka kwenye lile la kwanza. Usipande mashua iliyojaa, na usipande bila jaketi la kuokolea hata kama nahodha anakucheka. Ziwa hilo lilizamisha MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, na sisi tuliozika watu wa feri ya Mtongwe, Aprili 1994, hatuna haja ya kuhubiriwa kuhusu chombo kilichopakiwa kupita kiasi.

Na kuna adabu ya kuwa mgeni, ambayo nimesema hatukuizoea. Mtu wa Mombasa akifika ugenini hupima kila kitu kwa kwao: chai haina tangawizi, wali haukupikwa, watu wanasema kwa sauti. Mwenyeji anasikia. Jifunze kusema kwa Kijaluo misawa unaposalimu na erokamano unaposhukuru. Utaona nyuso zinavyofunguka. Usimpige picha mama anayeanika omena kabla ya kumwomba, maana wewe mwenyewe unajua unavyojisikia mtalii akielekeza kamera mlangoni kwako. Bei ikiwa juu kidogo kwa kuwa wewe ni mgeni, lipa. Ni zamu yako.

Watu wa kaunti za ziwani nao nina neno nao, kama redio hii inawafikia. Mnazungumzia utalii kila mwaka, na mawazo yenu yote yako kwenye hoteli kubwa na mzungu wa kuja kulala ndani yake. Wekeni kibao pale gati la Kendu Bay kinachosema meli gani zilifika na lini. Wekeni choo safi pale Simbi Nyaima. Yarekebisheni yale maduka ya zamani kabla hayajabomolewa na kupandishwa ghorofa za vioo. Mgeni wenu wa kwanza si lazima atoke Ulaya. Anaweza kutoka Changamwe, ana nauli ya basi na siku nne za likizo, na atawasifia bure kwa majirani zake wote.

Kwa atakayekwenda: Machi mpaka Mei mvua ni nyingi, nafasi nzuri ni Julai, Agosti, au Januari na Februari. Desemba magari hayapatikani na nauli hupanda. Chukua chandarua au hakikisha nyumba ya wageni ina chake kizima kisicho na tundu. Kurudi, usirudie njia uliyojia. Pale Mbita panda feri ya kuvuka kwenda Luanda Kotieno, haichukui hata saa nzima, inabeba magari, mbuzi, mikungu ya ndizi na wanafunzi. Ukishuka uko upande wa Siaya, na kutoka hapo utapata matatu za kwenda Bondo na Kisumu. Uliza saa za feri jana yake jioni, si asubuhi ile ile, na ukifika gatini mapema simama upande wa kulia, ndiko kiliko kivuli.